Hawala Iliyokuja kwa Jina la Zamani

Juzi mjukuu wangu alikuwa ameketi mkekani anatazama simu yake, akasema, "Aa, wameifuta."

Nikamuuliza wamefuta nini. Akaniambia aliagiza viatu vya kuendea kazini kwenye duka la mtandaoni, akalipa kwa simu, na sasa wenye duka wamemwandikia kwamba saizi yake imekwisha, kwa hiyo oda wameifuta na hela wameirudisha.

"Wameirudisha wapi?"

"Humu humu kwenye simu, bibi. Imeshaingia."

"Imeingia kwa jina la nani?"

Akacheka. "Kwa jina langu, bibi. Ulitaka iingie kwa jina la nani?"

Yeye akaendelea kutafuta viatu vingine, mimi nikaendelea kuchambua choroko. Lakini swali lile sikuliuliza kwa uzee. Mimi na marehemu mama yake tuliwahi kuagiza kitu kwa watu ambao hatujapata kuwaona, wakakifuta, hela ikarudi. Na namna ilivyorudi ndiyo ninayotaka kuiandika, maana yeye mwenyewe mjukuu hajui, na ilikuwa hela yake zaidi kuliko ya mtu yeyote.

Watu hunisifu kwa kukumbuka majina. Ni kweli, ninayo. Dereva wa gari la Korogwe wa miaka ile nalijua jina lake na la baba yake. Dada wa dirishani posta alinitajia lake mara moja tu, na leo akipita hapa namwita. Lakini humu sitaandika hata moja. Wengine wako hai, wengine wameacha watoto, na hakuna aliyenipa ruhusa. Binti yangu wa kwanza nitamwita mkubwa, na ndugu yake wa kiume aliyemfuata nitamwita mdogo. Inatosha.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya kipande cha sabuni tulikuwa tukiingia Korogwe tunakuta vitambaa vinaning'inia mpaka nje, redio, mabeseni ya rangi, mafuta ya kila aina. Unasimama unatazama. Ukimaliza kutazama unanunua kibiriti unaondoka.

Mkubwa alikuwa ameolewa Kilole, palepale Korogwe mjini. Mume wake alikuwa fundi baiskeli. Mkubwa naye alijifunza kufuma masweta ya shule kwa mashine ya mama mmoja jirani yake. Wanafunzi wa huko milimani wanahitaji sweta, kule baridi haina mchezo, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Shida ni kwamba kila akifuma masweta mawili, moja ni la mwenye mashine.

Siku moja akaja kwangu Sindeni na kipande cha gazeti. Alifungiwa andazi kwenye gazeti hilo, akala andazi, akalinyoosha gazeti. Lilikuwa na tangazo la duka moja la Dar es Salaam linalouza mashine za kufumia. Unaandika barua, unatuma hela kwa posta, wao wanakufungia mashine kwenye kreti na kuipakia kwenye basi.

Nikamuuliza, "Unampaje mtu hela ambaye hujaona hata mlango wake?"

"Ndiyo biashara ya siku hizi, mama. Ni ruksa."

"Ruksa kuibiwa?"

Alicheka mpaka akashika tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa limeshakuwa kubwa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Basi nikauza mahindi ya msimu ule na mbuzi wanne. Barua ya kuagiza akaiandikia kwangu, amekaa kwenye kigoda, karatasi iko juu ya sinia. Alipofika pahala pa jina la mnunuzi nikaona anaandika Mama, halafu jina lake yeye.

"Mbona umejiandika wewe?"

"Sijajiandika mimi, nimekuandika wewe. Hela ni yako, na mashine ni yako mpaka nitakapokulipa. Kwani wewe unaitwaje?"

Tangu siku aliyozaliwa sikuitwa vingine. Hata marehemu baba yao aliniita hivyo hivyo. Jina nililopewa kwa baba yangu lilibaki kwenye kadi ya chama tu, na kadi yenyewe ilikuwa chini ya godoro. Na tena jina hilo la Mama fulani ndilo neno la kwanza nililojua kuliandika. Darasa la watu wazima walinifundisha a, e, i, o, u, nikaacha kwa sababu ya shamba. Yeye alipokuwa darasa la tatu akaniandikia nyuma ya mlango wa jiko kwa mkaa, akawa ananisimamia. "Usiikate mguu hiyo, mama. Hiyo inakaa juu ya mstari." Mlango ule ulikuwa bado upo.

Hela alikwenda kuituma mwenyewe posta ya Korogwe. Stakabadhi akaitia kwenye kopo la biskuti nyumbani kwake, pamoja na sindano zake za kufumia. Akanitumia salamu kwa dereva: imekwenda, tusubiri.

Mashine haikuja. Mwezi uliofuata mkubwa alijifungua mtoto wa kike asubuhi, hospitalini, na adhuhuri alikuwa amekufa. Damu. Nilifika Kilole siku ya pili yake, wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini. Mtu mmoja akanipa mtoto, mtu mwingine akanipa kikombe cha chai. Nilivishika vyote viwili.

Sikulia. Watu waliliona hilo. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tuliyekuwa naye ua mmoja Sindeni, akawa ananikalia karibu.

"Lia, wifi yangu. Ukikiweka kitakudhuru."

"Nitalia," nikamwambia, kama ninavyosema nitapika.

Mkwe wangu hakuwa na mama, na dada zake wako mbali. Mtoto nikarudi naye Sindeni.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze. Mtoto wako wa kwanza akifa, wanawake wenzako wanakuonea huruma. Wanaona kila wakikuita wanakuchoma. Basi hawafanyi kikao wala hawakuulizi, siku moja tu wanahamia kwa jina la mtoto anayefuata. Baada ya arobaini, wifi alitoka kwake asubuhi akaja uani na ufagio mkononi, akasema, "Umeamkaje, Mama," akataja jina la mdogo. Akaendelea kufagia bila kunitazama.

Kufika Ijumaa walikuwa wote. Kisimani hivyo, dukani hivyo, zahanati hivyo. Siku za kwanza nilikuwa nachelewa kuitika, nikidhani anaitwa mwingine. Baadaye nikawa sichelewi. Jina la mkubwa halikutajwa tena na mtu yeyote mbele yangu, na mimi sikulitaja. Halikuwa limekatazwa. Halikuwa na pa kutokea, basi.

Kilichonishughulisha ni maziwa. Kuna mama mmoja wa wafugaji, wa upande wa mbugani, aliniletea maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu kila asubuhi, na hela alikuwa hataki. Mtoto akinywa, anaharisha. Tukayachanganya na maji, anaharisha. Akawa mwepesi, ukimwinua unasikia umeinua khanga tupu. Nesi wa zahanati akamtia kwenye mizani, akanitazama.

"Mama, huyu mtoto maziwa ya ng'ombe bado hayawezi. Mpe ya kopo mpaka atakapotimiza miezi sita. Usipompa..." Akaandika kwenye kadi.

Ya kopo yalikuwepo Korogwe, yamejaa rafuni. Mkwe alileta kopo la kwanza, akaleta la pili baada ya kuuza baiskeli yake mwenyewe, yeye fundi baiskeli. Mtoto akanywa, akatulia, akaanza kunenepa shingo. Halafu likaja kopo la tatu, na mkwe akatuma neno kwamba la nne hajui atalitoa wapi. Mahindi nilishauza. Mbuzi nilishauza. Mdogo alikuwa kibarua Tanga na hata barua hakuwa ameandika.

Hapo ndipo dereva wa gari la Korogwe alipoteremka kwangu na bahasha. Ilitoka kwa lile duka la Dar es Salaam. Mkwe aliipokea kwa sanduku la posta la shule walilokuwa wakilitumia, akaifungua, akaona ni yangu, akaituma. Niliisoma polepole, kidole kwenye mstari. Wanasikitika. Mashine za aina ile hazikufika. Oda imefutwa. Hela yote imerudishwa kwa hawala, ichukuliwe posta ya Korogwe na mwenye jina kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo itarudi kwa aliyetuma.

Mwisho wa mwezi ulikuwa siku nne mbele. Nilimpa wifi habari. Akainua mikono. "Mungu huyo! Mungu huyo kafuta mashine akaleta maziwa." Mimi nilifungua kopo nikatazama ndani. Unga ulikuwa umebaki wa siku mbili, ukipima vizuri.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya utambulisho. Nilimweleza kuna hela yangu posta. Akasema, "Vizuri sana, mama, hongera," akavuta karatasi, akaandika bila kuniuliza kitu, kwani alikuwa ananijua tangu yuko shule. Akagonga muhuri. Nikaikunja nikaifunga kwenye pindo la khanga. Kusoma ningeisoma. Sikuisoma.

Asubuhi iliyofuata nikamwachia wifi mtoto na vipimo vya kutwa, nikapanda gari. Sikumbuki nilichoona njiani. Nakumbuka majina ya waliokaa mbele yangu na nyuma yangu.

Posta foleni ilikuwa ndefu. Dirishani alikuwapo dada kijana, nywele amesuka vizuri, ana kalamu mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikampa barua ya duka. Akafungua daftari lake, akateremsha kalamu, akaipata hawala. Akasoma kwa sauti, "Mama," na jina la mkubwa. Alilisoma kama anavyosoma majina mengine yote. Ilikuwa miezi mitatu sijalisikia.

"Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Utambulisho."

Nikafungua pindo nikampa barua ya mtendaji. Akaisoma, akaisoma tena, akaiweka sambamba na daftari.

"Mama, hii imeandikwa jina jingine." Akalitaja la mdogo. "Hii ni ya mama mwingine. Umechukua ya mtu?"

"Hapana. Ni mimi huyo."

"Na huyu kwenye hawala?"

"Ni mimi."

"Wote wawili?"

Nyuma yangu watu wakaanza kucheka kidogo, si kwa ubaya. Mzee mmoja mwenye koti akasema, "Dada, mpe mama hela yake. Sura yake hiyo haiwezi kuiba."

"Sura haina muhuri, mzee wangu," akasema dada. Kisha akanigeukia. "Mama, una kadi yoyote?"

Nilikuwa na kadi ya chama. Akaitazama. Ile ilikuwa na jina la kwa baba yangu.

"Sasa mmekuwa watatu," akasema.

Foleni ikacheka sawasawa. Mimi nilisimama. Ilinipasa kusema maneno machache tu, kwamba mwanangu mwenye jina lile amekufa, ndiyo maana wamenibadilisha jina. Ni maneno ya kawaida, kila siku watu wanayasema. Nilifungua mdomo, hayakuja. Wala sikuwa na uchungu. Palikuwa patupu, kama unapotumbukiza kata mtungini ikagonga chini.

"Nenda kijijini, mama, wakuandikie barua upya," dada akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Iandikwe jina kama lilivyo hapa. Uje kesho kutwa."

Nikapiga hesabu ya unga. Gari la kurudi ni alasiri. Mtendaji kesho yake alikuwa anakwenda kikaoni Handeni. Kesho kutwa, kama gari lipo. Mtoto hakuwa na kesho kutwa.

"Naomba usiifunge," nikamwambia. "Narudi leo."

Nikaenda Kilole kwa miguu. Mkwe nilimkuta chini ya kibanda chake, anaziba pancha. Aliponiona alisimama haraka akageuza uso pembeni, na mimi nikasimama mbali, nikatazama barabara. Ndivyo ilivyo kwetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai wakatazamana. Akija kwangu anakaa nje ya ua, chakula anapelekewa. Miaka yote ya ndoa yao hatukupata kusimama chini ya paa moja, hata siku ya msiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Posta wamekataa."

Nikamweleza, yeye anatazama gurudumu, mimi natazama barabara. Nikamwambia kwenye barua ya mtendaji wameandika Mama wa mdogo. Akaelewa mara moja. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Stakabadhi ipo," akasema. "Kwenye kopo lake."

Akaingia ndani. Mlango ulikuwa wazi, nikaona nyuzi za bluu, ile bluu ya masweta ya shule, mafungu yamepangwa juu ya kiti. Akatoka na kopo la biskuti, amelishika kwa mikono miwili, akatangulia. Mimi nikamfuata kwa nyuma, mbali, kama watu wasiojuana.

Posta watu walikuwa wamepungua, lakini yule mzee mwenye koti bado alikuwapo, anaandika barua kwenye meza ya pembeni. Mkwe akaweka stakabadhi dirishani. Dada akailinganisha na hawala: jina lile lile, hela ile ile, na kwenye stakabadhi mwandiko wa mkubwa.

"Hii ni nzuri. Sasa nataka shahidi atie sahihi hapa, mbele yangu, na mwenye hawala awepo. Mama, sogea."

Nikasogea, mkwe akarudi nyuma. Dada akasema, "Baba, njoo na wewe." Mkwe akaja, mimi nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Jamani, mbona mnakimbiana? Mmegombana?"

Mzee mwenye koti akainua kichwa. "Dada, wewe wa wapi? Huyo ni mkwe wake."

"Sasa mkwe si mtu?"

"Ni mtu. Ndiyo maana anamkimbia."

Dada akashindwa kujizuia, akacheka na kalamu mdomoni. Halafu akasema kwa adabu, "Naomba mnisamehe. Lakini lazima muwe pamoja hapa. Kaunta ni ndogo, simameni tu hata kama hamtazamani."

Basi tukasimama. Mimi niliweka uso upande wa masanduku ya barua, yeye upande wa ukuta. Mkono wake ulikuwa unanukia gundi ya pancha.

"Baba, huyu mama unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ni nani?"

"Ni mama wa mke wangu."

"Mke wako anaitwa nani?"

Mkwe akazidi kuutazama ukuta. Nikatambua kwamba naye pia hakuwa amelitaja. Dada akasubiri, ameshika kalamu. Akaangalia stakabadhi, akaangalia hawala, akaniangalia mimi, na nadhani hapo ndipo alipojua, kwa sababu alikuwa anataka kusema basi, isiwe tabu. Lakini mkwe akalitaja. Jina lake na la baba yake, kwa sauti ya mtu anayejibu shuleni.

Nilisubiri niumie. Sikuumia. Nilisikia jina, nikasikia muhuri unagongwa dirisha la pili, nikasikia baiskeli inapita nje.

"Pole," akasema dada.

"Tumeshapoa," nikasema mimi. Ndilo jibu lililokuja.

Mkwe akatia sahihi. Kisha dada akanigeuzia karatasi. "Mama, unajua kuandika? Kama hujui utaweka dole gumba."

Wino wa dole gumba ulikuwa hapo, kwenye kibati. Ingekuwa haraka. Nikasema, "Najua."

"Basi andika kama lilivyo hapa."

Mama niliiandika upesi. Halafu la mkubwa, herufi moja moja. Kulikuwa na ile herufi aliyokuwa akiniambia nisiikate mguu. Niliikalisha juu ya mstari. Nilichukua muda, na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza nikalitazama. Liliandikika vizuri kuliko la mlangoni.

Dada akahesabu hela, akanipa, akaniambia na jina lake yeye, kwamba nikirudi tena nimuulizie. Sikurudi tena. Sikuwa na hawala nyingine maishani.

Nje nilitaka kumpa mkwe sehemu ya hela. Niliziweka juu ya ngazi ya posta nikasogea, ili azichukue bila kupokea mkononi mwangu. Hakuzichukua.

"Ni za maziwa, mama."

"Na baiskeli yako?"

"Nitaunga nyingine. Vyuma ninavyo."

Nikaziokota. Akaniaga akitazama chini, akaondoka na kopo lake.

Dukani makopo ya maziwa yalikuwa yamepangwa rafu ya juu. Mwenye duka akapanda kigoda. "Mangapi, mama?"

"Yote ambayo hela hii inatosha, toa nauli ya Sindeni."

Akayashusha moja moja akiyapanga kauntani. "Ni ya mjukuu?"

"Mjukuu."

"Mama yake hana maziwa?"

"Hana."

Akayafunga kwenye boksi kwa kamba ya katani, akanitengenezea na mshiko.

Gari lilinifikisha jua bado lipo. Wifi alikuwa amesimama uani na mtoto begani, anatembea naye huku na huku. Mtoto alikuwa analia ile sauti nyembamba. Wifi aliliona boksi kabla hajaniona mimi.

"Wamekupa!"

"Wamenipa."

"Alhamdulillah. Barua ya mtendaji imefaa, eh?"

"Haikufaa. Hawala ilikuja kwa jina la zamani. Mtendaji kaandika hili jipya."

Wifi akasimama. Mtoto akaendelea kulia begani kwake. Nikamwona anahesabu nyuma, mpaka akafika kwenye ule ufagio wake wa asubuhi.

"Mimi ndiye niliyeanza," akasema.

"Najua."

"Nilidhani nakupunguzia."

"Najua, wifi."

"Sasa hela umeipataje?"

"Mkwe kamtaja. Na mimi nimeandika."

Hapo wifi akaanza kulia yeye, kwa sauti, machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Nilikata kamba ya boksi. Nilitoa kopo moja, nikaling'oa mfuniko kwa mpini wa kijiko. Chini ya mfuniko kulikuwa na karatasi ya kung'aa, nikaitoboa, harufu ya maziwa ikatoka.

"Sasa tukuiteje?" akaniuliza, anajifuta kwa khanga. "Niambie wewe mwenyewe, maana nimeshaharibu mara moja. Tukuite vipi?"

Mtoto alikuwa amegeuza shingo kuelekea kwenye kopo.

"Chemsha maji," nikamwambia.

Akachemsha. Nikapima vijiko kama nesi alivyonionyesha, nikakoroga, nikaonjea mkononi. Mtoto alikunywa mpaka akalegea mikono, akalala na mdomo wazi. Wifi alichukua kikombe kwenda kukiosha. Alipofika mlango wa jiko akasimama, akatazama nyuma ya mlango, pale palipoandikwa kwa mkaa. Wifi hajui kusoma, lakini lile alilijua.

"Mama," akaniita, akataja jina la mkubwa. "Kesho nitaamka mimi kumpa. Wewe ulale."

Nikaitika. Sikuchelewa.